Namba za Ndoa Yetu Nje ya Nyumba ya Mjane

Kama hukunisoma wiki iliyopita, jamani, hukukosa cha kuonea wivu. Niliuza gari.

Si gari hivi hivi. Jeusi, saluni ya silinda sita, ukikanyaga mafuta kwenye barabara kuu ya kwenda Emden kiti kinakuvuta mgongo. Kisha kamera ya barabarani ikanimulika nikipaa kupita kiasi, leseni ikachukuliwa Desemba nzima, na mke wangu Gesa akawa ananipeleka kazini kila asubuhi kama mtoto wa chekechea. Mimi Folkert, muuza vigae vya paa, mtu mzima wa miaka hamsini na moja!

Mwezi ulipoisha akaniambia, "Gari au mimi. Chagua."

Nikachagua vizuri. Nikaliuza lile, nikanunua kitu kidogo cha silinda tatu, rangi ya haradali, kisichokunywa mafuta. Baba mkwe wangu, mzee Hinderk, ambaye alilisema lile jeusi kila Jumapili mezani kwetu, alinipigapiga bega.

"Sasa umekuwa mwanaume mwenye akili, mkwe. Gari linalokunywa kuliko ng'ombe halifai kukaa na watu."

Mzee Hinderk alifuga ng'ombe wa maziwa maisha yake yote. Hata simu yake ikiita, inalia ng'ombe. Gesa ndiye aliyemwekea mlio huo, ili ausikie akiwa katika bustani yake ya kukodi nyuma ya reli.

Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita, na baadhi yenu mkanipongeza. Rudisheni pongezi zenu. Kuna jambo sikuwaambia.

Sikuwaambia habari ya namba.

Huku kwetu Ostfriesland mtu hapokei namba yoyote ya gari anayopewa. Anachagua herufi za jina lake, za mkewe, na tarehe inayomgusa. Jeusi langu lilikuwa FG 122. F ni mimi, G ni Gesa, na 122 ni tarehe kumi na mbili ya mwezi wa pili, siku tuliyofunga ndoa. Gesa alinipa vibao viwili vya namba hiyo tulipotimiza miaka kumi, vimefungwa utepe mwekundu. Mwaka huu tunatimiza ishirini na tano.

Nilipoamua kuuza aliniambia neno moja tu: "Vibao vibaki. Vihamie kwenye hili dogo."

Kazi ya bisibisi na dakika chache. Lakini mnunuzi alikuja Jumamosi, mvua inanyesha kwa upande, na alikuwa mnunuzi wa ajabu. Anaitwa Enno, jamaa mpole wa miaka arobaini hivi, koti la mvua la njano, baiskeli. Hakufungua boneti. Hakutaka hata kulijaribu. Alinipa bahasha, akaniomba nilifikishe mimi mwenyewe hadi maegesho ya zile bustani za kukodi, kuna mtu atalichukua pale.

"Vibao nitakuletea Jumatatu," akasema.

Nikaona ngekewa imenidondokea. Mpumbavu mkubwa mimi!

Jumatatu ikapita. Nilipokwenda ofisi ya usajili, mama wa dirishani akanijibu kwamba gari limeshaandikishwa kwa mwenyewe mpya, na namba zimekwenda nalo, sheria inaruhusu.

"Mwenyewe ni nani?"

"Hilo siwezi kukuambia, bwana. Mwingine!"

Nikarudi nyumbani nikamwambia Gesa kwamba ofisi imekataa, eti vibao vimepinda, vimetupwa. Uongo mdogo tu, wa kulinda amani. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika mwisho Jumapili hii.

Jumapili za Februari kwetu ni siku za tufe. Mtaa mzima unatoka, timu mbili, tunavingirisha tufe barabarani kutoka kijiji hadi kijiji, tunalifuata kwa miguu huku mkokoteni wa chupa ukija nyuma, na mwisho wa safari kuna sukuma wiki na soseji. Nilifika na lile la haradali. Heiko, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, hakunipa hata nafasi ya kuzima injini.

"Folkert! Umeliosha kwa maji ya moto nini, mbona limesinyaa?"

"Linatosha, Heiko."

"Linamtosha nani? Goti lako moja?"

Watu wakaangua kicheko. Nikacheka nao, kicheko cha meno. Tangu ninunue kile kigari nimekuwa nikicheka hivyo kila mahali. Nakanyaga mafuta hadi mwisho, linakoroma, linatetemeka, halafu lori la maziwa linanipita. Mimi niliyekuwa nikiwamulika watu taa kutoka nyuma wanipishe, sasa namulikwa mimi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Ilikuwa zamu ya Gesa kurusha. Mtaani kwetu hakuna anayemshinda. Alikuwa ameinama na tufe mkononi, anaipima barabara kwa jicho moja.

Heiko akajimiminia kikombe cha pombe kali, akasema bila ubaya wowote, "Ila wewe mjanja bwana. Dogo la kumwonyesha mke, jeusi la kutembelea."

"Kutembelea wapi?"

"Aa, Folkert. Tuko watu wazima hapa. Kwa Talea. Si kila siku alasiri lipo pale nje kwake?"

Talea ni mjane, mwalimu mstaafu wa muziki, anakaa barabara ya mfereji. Ana miaka sitini lakini akipita na baiskeli wanaume hupunguza mwendo.

"Si langu lile," nikasema. "Nimeuza."

"Na namba je?" akadakia Imke, mke wa Heiko. "FG mia na ishirini na mbili. Hiyo si siku ya harusi yenu? Mimi ndiye ninayewatengenezea maua ya tao la sherehe yenu, nitakosaje kuijua?"

Tufe likamtoka Gesa mkononi. Halikwenda na barabara. Lilikwenda kombo, likaruka ukingo, likatumbukia mferejini. Tangu nimjue Gesa, hajawahi kutupa tufe mferejini.

Hakuna aliyecheka. Heiko alichukua kikapu cha mpini mrefu tunachobeba kwa kazi hiyo, akaenda kulivua kama mtu aliyevunja sahani ugenini.

Gesa akafuta mikono kwenye suruali.

"Vibao vimetupwa," alisema taratibu, macho kwangu. "Si ndivyo ulivyoniambia?"

Tulipofika nyumbani akapika chai. Hilo lilinitisha kuliko kelele. Aliweka bonge la sukari ya mawe kikombeni, akamimina, akateremsha krimu pembeni kama siku zote. Kwetu chai ni vikombe vitatu. Ukimpa mgeni pungufu ya hapo umemfukuza.

"Haya, sema."

Nikasema. Enno, mvua, bahasha, mama wa dirishani, yote.

"Kwa hiyo ofisi haikukataa kitu."

"Haikukataa."

"Kuhusu vibao ulinidanganya, ila kuhusu mwanamke nikuamini."

"Gesa, hakuna mwanamke! Gari nimemuuzia Enno. Yule wa baiskeli, mwenye koti la njano."

Akaweka kikombe chini. "Enno Beekmann?"

"Huyo huyo! Unamjua?"

"Namjua tangu anavaa kaptura. Anamkatia baba majani bustanini. Enno hana leseni, Folkert. Hajawahi kuwa nayo. Hata baiskeli yake haina kengele. Ndiye aliyenunua silinda sita?"

Mtu mwenye akili timamu angeshtuka hapo. Enno, bustani, baba. Vyote viliwekwa mezani mbele yangu pamoja na chai. Lakini mimi nilikuwa nahangaika kutafuta maneno ya kujitetea, nikaviruka vyote.

Gesa akachukua simu, akampigia baba yake. Ikaita weee, hakuna jibu.

"Yuko bustanini," alisema kwa uchungu. "Kila alasiri yuko bustanini, tangu mama afariki. Laiti ningekuwa na wa kuongea naye!"

Bustanini, Februari, ardhi imeganda kama jiwe! Na hilo nalo likanipita.

"Sitini, Folkert," akaendelea. "Ana miaka sitini! Angalau ungenidhalilisha na kibinti, watu wangenionea huruma. Sasa watasema amenizidi kwa sauti ya kuimba."

"Mke wangu, nakuapia..."

"Usiape. Jumamosi majirani wanakuja kufunga tao mlangoni. Nitamwambia Imke asikate hata tawi moja, mpaka mtu anayeegesha lile gari asimame hapa mbele yangu."

Mnielewe. Watu wakitimiza miaka ishirini na tano ya ndoa, majirani huwafungia tao la majani na maua ya karatasi kuzunguka mlango. Hawaulizwi, wanakuja tu. Mlango wako ukibaki mtupu siku hiyo, ni afadhali mchungaji akutangaze kanisani kwa kipaza sauti.

Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alichukua kijiko chake, akanyoosha mkono, akakitumbukiza kwenye kikombe changu. Kwetu kijiko ndani ya kikombe maana yake umetosheka, usimiminiwe tena. Mtu hujiwekea mwenyewe. Mimi niliwekewa, na ndiyo kwanza nilikuwa kikombe cha kwanza.

Usiku ule kochi lilinipokea.

Jumatatu nikamvamia Enno nje ya kwao. Alikuwa anatia upepo tairi la baiskeli.

"Enno, umenimaliza."

"Habari za asubuhi."

"Gari analo nani?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Niliahidi sitasema." Akaendelea kupampu.

"Ndoa yangu inavunjika, we mtu! Unanisikia?"

Akaacha pampu, akafikiri. Ni mtu asiye na haraka, na mimi nilitaka kumkaba.

"Basi muulize yeye," akasema. "Kuanzia saa tisa mchana huwa yuko pale."

"Pale wapi?"

"Kwa Talea. Si kila mtu anajua?"

Jumanne nikaomba ruhusa kazini, nikatia bisibisi mfukoni, nikaenda.

Lilikuwepo. Jeusi langu, nje ya nyumba ya Talea, linameta kuliko nilivyowahi kulimetesha mimi. Hata matairi yalikuwa yamepakwa mafuta. Moyo ukaniuma, siwafichi. Nikaegesha lile la haradali nyuma yake, likaonekana kama kifaranga nyuma ya jogoo, nikashuka, nikapiga magoti nyuma ya gari langu la zamani, nikaanza kufungua kibao.

Dirisha la ng'ambo likafunguka. Bibi Theda, ambaye hakuna gari linalopita barabara ya mfereji bila yeye kulijua.

"Leo umekuja na yote mawili, Folkert?"

"Nafungua namba tu, bibi Theda!"

"Naona. Mimi naona kila siku."

Akafunga dirisha. Kupitia kioo nikamwona ananyanyua simu. Hapo nikafungua skrubu kwa haraka, na kadiri nilivyoharakisha ndivyo bisibisi ilivyoteleza.

"We! Utanikwaruzia rangi!"

Sauti ile ilitoka mlangoni kwa Talea. Niliijua. Nimeisikia kila Jumapili kwa miaka ishirini na tano.

Nikainua kichwa polepole. Kandambili za manyoya. Aproni ya maua. Unga hadi kwenye viwiko. Mzee Hinderk, miaka sabini na sita, baba mkwe wangu.

Nilibaki nimepiga magoti. Hata kusimama nilisahau.

"Ingia ndani," akasema kwa kunong'ona, "kabla yule bibi hajaita gazeti."

Jikoni kwa Talea kulikuwa na harufu ya keki. Talea mwenyewe alinipa mkono, akanikaribisha kiti, akanimiminia chai kama mtu aliyekuwa akinitarajia. Nilikataa kukaa.

"Wewe?" nikasema. "Wewe ndiye uliyenunua?"

"Enno alinisaidia."

"Baba, wewe ndiye uliyekuwa unanisema! Kila Jumapili! Linakunywa kuliko ng'ombe, halifai kukaa na watu, liuze, liuze!"

Mzee akakung'uta unga mikononi. "Ningelipataje vingine?"

Kikulacho ki nguoni mwako, wasomaji wangu. Changu kilikuwa kinakaa kiti cha kichwa cha meza yangu na kinaongezewa nyama.

"Miaka hamsini nimeendesha magari ya busara," akaendelea, na sasa hakuwa anatania. "La kubebea maziwa. La kubebea mbegu. La kumpeleka mama yenu, Hanna, hospitali, na kumrudisha, na kumpeleka. Nikasema, Hinderk, umebakiza siku chache. Kimbia kidogo kabla hujaondoka."

"Anakimbia sana," akasema Talea. "Juzi tulifika barabara kuu sijamaliza kufunga mkanda."

"Na namba?" nikapaza sauti. "Namba za ndoa yangu, kwa nini hukunirudishia?"

"Polepole! Nilisema nikizibadilisha watu watauliza, jeusi hili ni la nani? Nikiziacha, wakiliona watasema ni Folkert anapita."

"Ndivyo wanavyosema!"

"Anapita, nilisema. Sikufikiria habari ya kuegesha."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kukaa chini nilie. Siku zote hizi nimeonekana malaya wa mtaa, na malaya mwenyewe amevaa aproni ya maua anakanda unga!

Juu ya meza, katikati ya unga, ng'ombe akalia. Simu ya mzee. Akaitazama bila kuigusa.

"Ni Gesa," akasema. "Sipokei."

"Kwa nini hupokei? Mtoto wako anakuhitaji!"

"Kwa sababu nikisikia sauti yake nitamwambia. Na siwezi, mkwe." Ng'ombe akanyamaza. "Mama yake hajatimiza mwaka kaburini. Koti la Hanna bado linaning'inia kwangu ukumbini. Mimi ningeshaligawa. Gesa ndiye anayekataa. Kila akija, kabla hajavua lake, anaweka uso pale kwenye kola, ananusa. Anadhani simwoni. Sasa mtu huyo nikamwambie nini? Nikamwambie baba yako anaoka keki kwa mwanamke mwingine?"

Talea aligeukia dirisha. Nami naijua ile kola. Nimewahi kusimama nyuma ya Gesa mara nyingi, nimeshika mwavuli, nikijifanya nakung'uta viatu.

"Pasaka mwaka utatimia," mzee akasema. "Pasaka nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nipe mpaka Pasaka."

"Mimi nina mpaka Jumamosi! Jumamosi mlango wangu uko uchi, baba!"

"Chukua vibao. Mwambie Gesa kwamba Enno alikuwa amevisahau ghalani."

"Hataki vibao tu, anamtaka mtu! Mtu anayeegesha!"

Mzee akasukuma unga pembeni. Akatoka nje na bisibisi yangu, akafungua vibao vyote viwili yeye mwenyewe, skrubu moja moja, kwa mkono wenye unga. Mkono ule ulikamua ng'ombe hamsini kila alfajiri. Akarudi ndani, akavifuta kwa aproni, akanikabidhi.

"Sijawahi kukuomba kitu, Folkert."

Kweli hajawahi. Alinipa binti yake na ng'ombe wa kuchinjia harusi, na tangu hapo hajawahi kuniomba hata kiberiti.

Nikaahidi. Msinitukane. Nami nililia siku ya mazishi ya Hanna, na nilikuwa nimemwona mzee yule amekaa miezi anaangalia ukuta. Sasa alikuwa na unga kwenye nyusi. Nilikuwa nimekasirika mpaka meno yananiuma, na bado nikaahidi.

Nikafungua mlango, vibao kwapani.

Gesa alikuwa amesimama kwenye geti, ameshika baiskeli yake. Mashavu yalikuwa mekundu kwa upepo, kofia imekaa upande. Ng'ambo ya barabara pazia la bibi Theda lilitikisika.

Na kabla sijafungua mdomo, nikasikia sauti nzuri ya kuimba nyuma yangu.

"Folkert, skafu yako!"

Talea akatokea mlangoni na skafu yangu mkononi. Alipomwona Gesa akaganda pale pale. Nyuma yake mlango ulibaki wazi kidogo, na nilijua kwamba nyuma ya mlango ule kuna mzee amebana pumzi.

"Gesa," nikasema. "Tazama. Vibao. Nimevipata. Enno alikuwa..."

"Enno yuko sokoni anauza viazi vya mama yake. Nimepita pale sasa hivi."

Akaegemeza baiskeli kwenye uzio. Akanijia hadi karibu, akavichukua vile vibao, akapitisha kidole juu ya zile herufi mbili. Sikuwahi kumwona amechoka vile.

"Sikiliza," akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi tena. "Nimekuja barabara nzima natukana, na sasa matusi yameniishia. Ishirini na tano, Folkert, si miaka ya kutupa kwa sababu ya maneno ya dirishani. Nakuuliza mara moja tu, na utakachonijibu nitakiamini. Kweli nitakiamini. Ndani ya nyumba hii yumo nani mwingine?"

Jamani!

Neno moja tu lingetosha. Baba yako. Tao lingefungwa Jumamosi, maua ya karatasi ya Imke, Heiko na utani wake, na mimi ningerudi kitandani kwangu. Lakini nikamtazama usoni na nilichoona ni ile kola ya koti.

"Hamna mtu," nikasema. "Yumo Talea peke yake."

Gesa akatikisa kichwa kukubali, mara moja, kama mtu aliyepokea chenji yake. Akaniwekea vibao mikononi, akavipanga vizuri kimoja juu ya kingine.

"Nimekuamini," akasema. "Basi nampigia baba aje anichukue. Nitakaa kwake."

"Gesa, ngoja. Usimpigie sasa. Ngoja kwanza."

"Kwa nini nisimpigie? Ndiye mtu pekee niliyebaki naye asiyenidanganya."

Akatoa simu, akabonyeza, akaiweka sikioni.

Ndani ya nyumba, nyuma ya mgongo wa Talea, ng'ombe akalia.

Gesa hakuishusha simu. Alinitazama mimi, akamtazama Talea, kisha akautazama ule mlango uliobaki wazi kidogo.

Ng'ombe akalia tena.